Naomba ushauri: kilele cha usumaku cha CrSBr kinahama tukipoza na tukipasha

Habari zenu wanafizikia, naombeni msaada.

Tuko Mwanza, tunapima fuwele za CrSBr (kromiamu, salfa na bromini), semikondakta ya matabaka. Ndani ya tabaka moja sumaku za kromiamu huelekea upande mmoja, ila tabaka na jirani yake hupingana. Mpangilio huo huanza kelvini 132. CrI3 (kromiamu na iodini), sumaku nyingine ya matabaka, tumeiacha: huhitaji kupozwa chini ya kelvini 61, na unyevu huu wa ziwani ungeiharibu upesi. Tulicho nacho ni naitrojeni ya kimiminika tu, ile ile ya kuhifadhia mbegu za ng'ombe, kelvini 77.

Koili za kupokea ni mbili, zimezungushwa kinyume ili zifutane pasipo sampuli, mizunguko 400 kila moja, na uga wa sumaku tunaoutumia hubadilika kwa hezi 337. Sampuli ni miligramu 8, mhimili b (mwelekeo ambao sumaku za fuwele hupendelea) sambamba na uga. Kipimajoto cha platinamu kimegandishwa kwenye kishikio cha shaba, nje ya koili, sentimita 4 kutoka kwenye fuwele.

Tukipoza, kilele (joto ambapo mwitikio wa sumaku ni mkubwa zaidi) kinasomeka kelvini 126, tukipasha 138. Badiliko hili si la kuruka ghafla, halipaswi kuwa na pengo hilo, kwa hiyo nashuku joto la sampuli linachelewa nyuma ya kipimajoto. Tumepunguza kasi kutoka kelvini 5 kwa dakika hadi 1. Pengo likabaki 5. Barafu tumeizuia kwa kupitisha mvuke mkavu wa naitrojeni ndani ya bomba.

Je, nikisogeza kipimajoto ndani ya koili, nyaya zake zitavuruga ulinganifu wa koili mbili, au themokapo nyembamba (kipimajoto cha nyaya mbili za metali tofauti) ni salama zaidi? Na kishikio cha shaba nikibadilishe kwa yakuti?