Wiki ya kumi baada ya kujifungua kwa upasuaji: arudi lini kwenye mbio na vyuma?

Mkufunzi wa Alfajiri

Habari zenu wataalamu. Ninamfundisha mama aliyejifungua kwa upasuaji, leo ni wiki ya kumi. Kabla ya ujauzito alikuwa akikimbia nusu marathoni na kuchuchumaa na chuma cha kilo 70 mabegani. Wiki ya sita alionwa na daktari, kidonda kimefunga, akaambiwa anaweza kuendelea na mazoezi. Sasa anataka kuanzia pale pale alipoachia. Ananyonyesha, damu imekoma, na anatembea dakika 40 kila siku bila maumivu.

Naomba hatua halisi. Nipime nini kabla sijamruhusu kukimbia na kuruka? Uzito niupandishe vipi? Na kuna jambo linanipa wasiwasi: akiinuka kutoka kulala chali, katikati ya tumbo panachomoza mstari kama mgongo wa paa. Nimzuie kabisa mazoezi ya tumbo?

Fizio wa Nyonga

Ndugu mkufunzi, umefanya vyema kuuliza kwanza. Ruhusa ya wiki ya sita wengi huielewa vibaya. Siku hiyo daktari anaangalia kama ngozi imefunga, mji wa mimba umerudi mahali pake, presha iko sawa na hakuna maambukizi. Hakupima kama tumbo linaweza kubeba kilo 70.

Fikiria kilichokatwa. Ngozi, mafuta, kisha utando mgumu mweupe unaoifunika misuli ya tumbo, halafu utando mwembamba wa ndani, na mwisho mji wa mimba. Ile misuli miwili iliyosimama wima kwa kawaida haikatwi, huvutwa kando, mmoja kulia na mwingine kushoto. Kwa hiyo jeraha linalokuhusu wewe mkufunzi ni la ule utando mgumu, kwa sababu ndio unaovutwa kila mama anapokohoa, anapomwinua mtoto au anapobeba chuma. Ngozi huwahi kufunga. Utando ukifika wiki ya sita una kama asilimia 50 hadi 60 tu ya nguvu zake za awali, na hata mwezi wa sita au wa saba unakuwa kati ya asilimia 73 na 93. Udhaifu huo hauonekani kwa macho, na mara nyingi hauumi. Ndiyo maana "sisikii maumivu" peke yake hakutoshi kuwa kipimo.

La pili ni misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na mji wa mimba kutoka chini. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa mtoto hakupita njia ya kawaida, sakafu hiyo haikuguswa. Imebeba mimba miezi yote hiyo, ikanyooshwa na kuchoshwa. Na mbio si jambo dogo kwake: kila mguu unapotua, mwili hupokea nguvu ya mara 1.6 hadi 2.5 ya uzito wa mkimbiaji. Kwa mama wa kilo 65, ni kama kilo 104 hadi 162 kila hatua, maelfu ya hatua kwa zoezi moja.

Mwongozo wa mwaka 2019 wa wafiziotherapia (wataalamu wa tiba ya viungo) Tom Goom, Gráinne Donnelly na Emma Brockwell unaweka mbio kati ya mwezi wa tatu na wa sita, si kabla ya wiki ya 12. Na wiki ya 12 si tarehe ya kuanza kukimbia, ni tarehe ya mapema kabisa ya kuanza kupima. Vipimo ni hivi: atembee dakika 30, asimame kwa mguu mmoja sekunde 10, achuchumae kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, akimbie papo hapo dakika moja, aruke mbele kwa hatua ndefu mara 10, arukeruke kwa mguu mmoja mara 10 kila upande, na aige mwendo wa mkimbiaji akiwa amesimama kwa mguu mmoja, mara 10 kila upande.

Kisha nguvu, marudio 20 kila upande: kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja, kuinua kiuno akiwa amelala chali kwa mguu mmoja, kuinuka kitini kwa mguu mmoja, na kuinua mguu wa juu akiwa amelala ubavu. Hizo 20 huwashinda wengi, hata waliokuwa wakimbiaji hodari. Akishindwa, umepata programu yake ya wiki zijazo.

Kufaulu maana yake ni kumaliza bila maumivu, bila mkojo au upepo kuponyoka, na bila kuhisi uzito ukeni kama kitu kinachovuta kushuka. Muulize wazi, faraghani, kwa maneno yasiyozunguka. Mama wengi hawalisemi hili mpaka waulizwe, kwa kuwa wameambiwa kuvuja mkojo ni kawaida baada ya uzazi. Hutokea sana, lakini linatibika.

Wiki hizi mbili kabla ya kupima, aipe kazi sakafu ya nyonga yenyewe: akaze kama anayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, ashikilie hadi sekunde 10, aachie kabisa, mara 10. Halafu mikazo 10 ya haraka. Mara tatu kwa siku. Asifanye zoezi hili akiwa anakojoa, linavuruga kibofu kujimwaga. Na kuachia kuna uzito sawa na kukaza. Misuli iliyokaa imebana siku nzima huchoka, ikichoka huvuja.

Vyuma Taratibu

Nichukue hoja ya tumbo na vyuma.

Huo mstari unaochomoza unaonyesha kwamba shinikizo la ndani limezidi uwezo wa mshipi wa katikati unaounganisha ile misuli miwili. Mpime: alale chali, magoti yamekunjwa, weka vidole vyako vimekaa kwa upana kwenye kitovu, ainue kichwa kidogo. Pima tena vidole vinne juu ya kitovu na vinne chini yake. Nafasi inayozidi vidole viwili ndiyo huitwa kuachana kwa misuli. Lakini usiishie kwenye upana. Bonyeza taratibu: ukikuta chini panarudisha nguvu kama ngozi ya ngoma, hali ni bora kuliko nafasi nyembamba ambayo vidole vinazama bila upinzani.

Usimzuie mazoezi ya tumbo, punguza ugumu mpaka mstari usionekane. Atoe pumzi *kabla* ya kuinua, si baada ya kuanza. Kosa kubwa ninaloliona kwa wakufunzi ni kusema "pumua" bila kusema wakati gani. Pumzi ikianza kutoka kidogo kabla ya juhudi, sakafu ya nyonga na misuli ya ndani kabisa ya tumbo hukaza zenyewe. Ikizuiwa kifuani, shinikizo lote hutafuta penye udhaifu: kovu, katikati ya tumbo, au chini ukeni.

Aanze chali, akiteleza kisigino kimoja kimoja sakafuni, mara 10 kila mguu. Ukiona tumbo tambarare, aunyanyue mguu mmoja, halafu mkono wa upande wa pili pamoja na mguu. Planki, yaani kuushikilia mwili umenyooka kama ubao, aanze kwa mikono juu ya meza, kisha magotini, sekunde 10 hadi 15 kwa seti. Mstari ukitokea sekunde ya 12, seti yake ni sekunde 10. Mazoezi ya kulala chali kisha kuinua kiwiliwili chote mpaka kukaa yangoje. Na kitandani ageuke ubavu kwanza, asukume kwa mkono, maana huko ndiko anakorudia kosa mara nyingi zaidi kuliko kwako.

Kuhusu kuchuchumaa: wiki ya 10 na 11 bila uzito, seti 3 za marudio 12, akikaa kwenye kiti na kuinuka. Kisha dambeli moja ya kilo 6 hadi 8 kifuani. Ikipita wiki mbili bila dalili, chuma kitupu cha kilo 20. Kutoka hapo ongeza kilo 2.5 hadi 5 kwa wiki, na kila seti aimalize akiwa bado na marudio matatu ya akiba. Kwa mwendo huo kilo 50 zitamkuta miezi mitano hadi sita hivi baada ya kujifungua, na ni sawa kabisa. Uzito wa kukata pumzi, wa rudio moja au mawili, usiuguse kabla ya mwezi wa sita kupita, na hata hapo iwe dalili zote zimelala.

Kuinua chuma kutoka sakafuni, kwanza kipandishe juu ya masanduku mpaka usawa wa chini ya magoti, ili asiiname sana.

Jambo dogo linalosahaulika: kovu la mlalo liko juu kidogo ya kinena, pale pale chuma kinapokaa katika zoezi la kusukuma kiuno juu ukiegemea benchi. Hata kovu lililopona halipendi kusagwa. Weka mto mnene, au mpe dambeli mapajani. Mkanda mgumu wa wanyanyuaji nao uweke kando, ukibana kiuno husukuma shinikizo chini kwenye sakafu ya nyonga ambayo bado haijarudi.

Mkunga Msaidizi

Naongeza upande wa uzazi, kwa kuwa mazoezi yanaweza kuficha ugonjwa.

Kovu kwanza. Likiwa limefunga kabisa, halina gaga wala unyevu, anaweza kulikanda, dakika 5 kila siku kwa mikono safi. Siku za mwanzo akande pembeni tu, kisha juu ya kovu lenyewe: juu na chini, kulia na kushoto, duara ndogo, halafu alibane kwa vidole na kulinyanyua. Sehemu isiyosogea imenata na tabaka za chini, na kunata huko kunaweza kuleta mvuto anaponyoosha mwili. Ganzi kuzunguka kovu ni kawaida, mishipa midogo ya fahamu ya ngozi ilikatwa. Akichukia kuguswa hapo, aanze kwa kitambaa laini.

Dalili za kusimamisha mazoezi na kumwona daktari: uvimbe karibu na kovu unaotokeza akisimama au akikohoa na kurudi akilala, hiyo inaweza kuwa ngiri. Kinundu kovuni kinachouma kila mwezi, hasa hedhi ikirudi, kinaweza kuwa tishu ya mji wa mimba iliyopandikizwa wakati wa upasuaji. Wekundu, joto, usaha, homa. Damu nyekundu iliyokwisha koma ikirejea baada ya zoezi, apumzike na aonwe. Ikijaza pedi nzima ndani ya saa moja, ni dharura. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au akipata maumivu ya kifua na kukosa pumzi ghafla, asisubiri kesho. Huenda ni damu iliyoganda, na upasuaji huongeza hatari hiyo katika wiki za mwanzo.

Apime wingi wa damu. Upasuaji hupoteza damu nyingi kuliko uzazi wa kawaida, na himoglobini chini ya gramu 10 kwa desilita baada ya kujifungua huhesabiwa upungufu. Mama wa namna hiyo moyo unakwenda mbio akipanda ngazi, na mkufunzi anadhani ni uvivu. Mazoezi hayaongezi damu. Anahitaji tiba ya madini ya chuma.

Kunyonyesha hakuzuii mazoezi, na mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa. Anyonyeshe kabla ya kuanza, matiti yawe mepesi, na avae sidiria inayoshika vizuri bila kubana vipande vya titi. Chakula kisipunguzwe. Anayenyonyesha homoni ya estrojeni iko chini, na ukichanganya hilo, chakula kidogo na kilomita nyingi za ghafla, mifupa inaweza kupata nyufa.

Mkufunzi wa Alfajiri

Shukrani sana. Wiki ya 12 imefika, nimempima. Vipimo vya nguvu amepita, isipokuwa kuinuka kwa vidole vya mguu wa kushoto ameishia 14. Kurukaruka kwa mguu mmoja, mara ya saba akahisi uzito ukeni. Mkojo haukutoka. Niendelee na mbio nyepesi?

Fizio wa Nyonga

Usiendelee. Aonwe na mfiziotherapia wa afya ya wanawake, apimwe kwa ndani kama kibofu au mji wa mimba umeshuka na kwa kiasi gani. Wakati anasubiri hana haja ya kukaa bure: baiskeli, kutembea kupanda mlima, kuogelea kwa kuwa kidonda kimefunga na damu imekoma. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wa mwaka 2020 linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki baada ya kujifungua, na zote anaweza kuzipata bila kuruka hata mara moja. Shavu la mguu wa kushoto ulipe seti 3 kila baada ya siku moja mpaka lifike 20.

Akipita upya, aanze kwa dakika 1 ya kukimbia na 2 za kutembea, mizunguko 8, mara tatu kwa wiki, asiunganishe siku mbili. Uwanja tambarare, mwendo wa kuweza kuzungumza. Kila wiki ongeza sekunde 30 kwenye kukimbia, na badilisha kitu kimoja tu: muda kwanza, mwendokasi na vilima baadaye sana. Mtathmini saa 24 baada ya kila zoezi, kwani uzito ukeni na mvuto wa kovu mara nyingi hujitokeza jioni au kesho yake. Vikitokea, rudi hatua moja na ukae hapo wiki nzima.

Na mpangie asubuhi. Jioni sakafu imeshambeba yeye na mtoto siku nzima, na kipimo unachokipata saa hiyo kinaweza kumkatisha tamaa bure.