Intaneti ya kanisa Kaloleni: faiba, ruta ya 4G, Starlink au antena ya mtaani?

KatibuMsaidizi_Kaloleni

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba ushauri kabla kamati haijakaa Jumamosi ya wiki ijayo.

Kanisa letu liko Kaloleni, kaunti ya Kilifi, kando kidogo ya barabara ya kwenda Mariakani. Jengo ni la matofali ya saruji na paa la mabati, urefu mita 30 hivi, na Jumapili ya kawaida huingia watu 350. Ofisi ya mchungaji na darasa la chekechea viko ng'ambo ya uwanja, mita 60 kutoka mlango wa kanisa. Mpaka sasa ibada hurushwa kwa simu ya kijana mmoja wa kwaya, kwa bando lake mwenyewe, na picha hukwama mahubiri yakianza tu. Wanaotazama ni wazee wetu wasioweza tena kutembea, na watoto wetu walioko Mombasa, Nairobi na Doha. Mama mmoja alinipigia akaniambia amesikia sala ya ufunguzi na baraka, katikati hakupata kitu. Iliniuma.

Harambee imetupa shilingi 90,000. Kila mwezi tunaweza kutoa 5,000, tukijikaza sana 6,500. Tumeambiwa njia nne: faiba, lakini waya uko barabara kuu, mita 400 kutoka kwetu, na kampuni haijasema italeta lini, ruta ya laini ya 4G, Starlink (intaneti ya setilaiti kwa dishi), na kijana wa hapa mtaani mwenye antena kwenye mlingoti anayetoa kasi ya Mbps 10 (megabiti kwa sekunde) kwa shilingi 2,000. Mngekuwa nyinyi mngechagua ipi?

MzeeWaKanisa_Taita

Starlink, ndugu yangu. Sisi tuko milimani juu ya Wundanyi, faiba hatuioni leo wala kesho, na 4G yetu hufika ikiwa imechoka. Starlink ilipoingia Kenya Julai 2023 dishi lilikuwa karibu shilingi 89,000, tukasema haiwezekani. Mwaka uliofuata likashuka hadi kama 45,000, tukanunua. Mwezi tunalipa 6,500. Kupakia, yaani kutuma kwenda mtandaoni, tunapata Mbps 10 hadi 20, na mvua za kawaida hazijatusumbua.

Ila angalia mambo mawili. Dishi linataka anga wazi. Kwetu ilibidi tukate matawi ya mwembe, nanyi Kaloleni mna minazi kila upande. Mnazi ukiziba anga mbele ya dishi, picha itakatika sekunde mbili tatu, irudi, ikatike tena. Programu yao ya simu inakupimia anga kabla hujanunua chochote: simama pale unapotaka kuliweka, zungusha simu, itakuonyesha vizuizi. La pili ni umeme. Dishi la kawaida hula wati 75 mpaka 100, kwa hiyo betri ndogo ya ruta haitalibeba stima ikipotea.

MwekaHazina_Kisauni

Mimi naandika kama mtu anayeshika hesabu. Tuna faiba kanisani, na ikiwa hai hakuna kinachoifikia: kasi ya kupakia ni sawa na ya kupakua, na bei haibadiliki mwezi baada ya mwezi. Lakini mwaka jana wachimbaji wa mtaro walikata waya Jumanne, na fundi wa kampuni alikuja baada ya wiki tatu. Jumapili tatu hatukuwa hewani. Jambo lililoniudhi ni kwamba kila nikipiga simu naambiwa ndani ya saa 24.

Kwa hiyo ulizeni mkataba, msiulize bei peke yake. Na someni kama kifurushi ni cha nyumbani au cha biashara. Vifurushi vingi vya bei nafuu vimewekwa kwa ajili ya familia, nyumba moja. Kanisa linaweza kuambiwa lihamie cha biashara, na hapo bei hubadilika kabisa. Afadhali mjue sasa kuliko kujua baada ya kufunga.

FundiMitambo_Msa

Katibu, salamu. Nimefunga mitambo ya sauti na mtandao kwenye makanisa na misikiti kadhaa hapa Pwani, na kosa ninalolikuta ni lile lile: kamati inajadili kampuni miezi sita, kisha ruta inawekwa kwenye dirisha la ofisi, basi. Ibada inakwama vile vile. Nianze na Jumapili saa tatu asubuhi ndani ya jengo lenu, kampuni tutairudia.

Anayerusha ibada anahitaji kasi ya kupakia. Matangazo ya kampuni hutaja ya kupakua. Picha ya 720p, yaani ya ukali wa wastani, inayotazamika vizuri kwenye simu inataka kama Mbps 3 hadi 4 kwenda juu, bila kuyumba. Mimi situmii zaidi ya nusu ya kasi niliyopima, kwa sababu kasi hupanda na kushuka. Ukipima 8, rusha kwa 4. Ukipima 4, rusha kwa 2, na msing'ang'anie picha kali zaidi ya 1080p. Wazee wanaotazama nyumbani wanataka sauti safi isiyokatika kuliko picha kali.

Kuhusu bando: Mbps 4 kwa saa moja ni GB 1.8. Ibada ya saa tatu ni GB 5.4, Jumapili nne ni kama GB 22. Si nyingi. Kinachomaliza bando ni watu 350 wakipewa neno la siri.

Sasa paa. Mabati huzuia mawimbi ya simu vibaya sana. Pima leo: simama katikati ya kanisa upime, halafu toka nje upande ule unaoelekea mnara, upime tena. Tofauti itakushangaza. Ukichagua 4G usinunue ruta ya mezani. Nunua ile ya nje, inayofungwa kwenye mlingoti juu ya paa ikielekea mnara, na kebo moja tu inashuka ndani ikibeba umeme na data pamoja.

Kompyuta ya kurushia iunganishwe kwa kebo. Nasema hivi kwa msisitizo: WiFi isibebe ibada. Simu 350 mifukoni zinapiga kelele hewani hata kama hazijaunganishwa. Kebo ya mtandao inakwenda mpaka mita 100, kwa hiyo ndani ya jengo hamna shida, ila isipite kwenye bomba moja na waya za umeme, na ikivuka waya za maikrofoni ivuke kwa msalaba, isitambae nazo.

Kwa ofisi ya mita 60, kebo ya shaba hewani kati ya majengo mawili mimi sifungi. Radi za Kaloleni mnazijua. Kila jengo lina waya wake wa kupeleka umeme ardhini, na radi ikipiga karibu, tofauti ya umeme hupita kwenye kebo hiyo na kuchoma kila kitu pande zote mbili. Weka jozi ya antena ndogo zinazotazamana, moja ukutani mwa kanisa, nyingine ofisini.

Haya yote utayanunua hata uchague kampuni gani, ndiyo maana nimeyatanguliza.

Muumini_Morogoro

Nawasalimu kutoka Tanzania. Fundi amesema yote, naongeza moja. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini. Huku kwetu intaneti karibu ilizimika nchi nzima, na najua Kenya pia mlipungukiwa. Kanisa letu lilikuwa na faiba pamoja na ruta ya kampuni nyingine ya simu kama akiba. Zote mbili zililala, kwa sababu minara nayo hutegemea nyaya zile zile za baharini.

Siku kama hiyo haitokei kila mwaka, sisemi mnunue mitambo kwa ajili yake. Ila tangu siku ile tunarekodi kila ibada kwenye kompyuta huku tunarusha. Ikikatika, mzee wa nyumbani anaipata jioni, au kijana anaipeleka kwenye kadi ya kumbukumbu na kumwekea kwenye simu.

KatibuMsaidizi_Kaloleni

Kurekodi hatukuwahi kukuwaza hata siku moja! Asante sana. Vipi kuhusu kijana wa antena wa mtaani? Wazee wengine wanamtaka kwa kuwa ni mtoto wa kanisa.

FundiMitambo_Msa

Muulize maswali matatu. Ana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano? Yeye mwenyewe anapata mtandao wake wapi? Mbps 10 zile anawagawia watu wangapi? Akijibu vizuri mpe nafasi, wengine wanafanya kazi safi na huja kurekebisha siku hiyo hiyo kwa kuwa wanaishi jirani. Lakini pimeni kupakia kwake Jumapili, siku ambayo kila mtu yuko nyumbani anatazama video. Na kama naye ananunua kutoka laini ile ile ya 4G mnayotaka kuifunga, mtakuwa mmemlipa mtu wa kati.

Dada_Malindi_ICT

Habari za jioni. Naomba tuzungumzie neno la siri, kwa sababu kwetu ndilo lililovunja kila kitu.

Gawanyeni mtandao mara tatu. Wa mitambo ya kurushia, ambao hakuna mtu mwingine anayeujua. Wa ofisi, ambako kuna daftari za sadaka, fungu la kumi na majina ya washirika. Na wa wageni, uliowekewa mpaka wa kasi, unaozimwa wenyewe saa za ibada. Ruta nyingi na vituo vya WiFi vya kuweka darini vinaweza kugawa hivi, ni kazi ya nusu saa.

Huo wa wageni msiudharau. Katikati ya wiki vijana wetu hukaa kwenye baraza la kanisa wakijaza maombi ya nafasi za vyuo (KUCCPS) na mikopo ya masomo (HELB), na wazazi wakifanya mambo yao ya eCitizen, huduma za serikali mtandaoni. Kabla ya hapo walikuwa wanalipa saiba au kupanda boda mpaka mjini. Ukiniuliza mimi, hiyo ni huduma kubwa sawa na kurusha ibada, na inafaa itajwe kwenye harambee.

Jingine ni watoto. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Chekechea wakiimba mbele, au mtoto akiombewa ugonjwa, mzazi awe ameridhia kabla sura haijarushwa. Sisi kamera huwa tunaigeuza kwenye msalaba wakati wa maombezi. Hakuna aliyelalamika.

Kuhusu kamera za ulinzi, nasikia wengi hutaka kuzitazama wakiwa mbali. Laini za 4G na Starlink kwa kawaida hazikupi anwani yako mwenyewe ya kuingilia kutoka nje, kwa hiyo nunueni kamera zinazopitia seva ya mtengenezaji, la sivyo fundi atahangaika bure.

MzeeWaKanisa_Taita

Dada umesema kweli kuhusu vijana. Kwetu baraza limejaa kila Jumatano.

KatibuMsaidizi_Kaloleni

Nimepima jana Jumapili, saa nne asubuhi, watu wakiwa ndani. Katikati ya kanisa: kupakia Mbps 1.1. Nje, juu ya mnara wa tangi la maji, upande wa Mariakani, simu ile ile, laini ile ile: 9.4. Nilipima mara tano, haikushuka chini ya 7. Kwa laini ya kampuni ya pili nilipata 5 nje.

Kwa Starlink nimezungusha simu uwanjani. Minazi imeziba upande mmoja. Juu ya paa panafaa, lakini mlingoti uwe mrefu.

Nikaketi na mweka hazina wetu na bei za fundi wa hapa. Vituo viwili vya WiFi 18,000, jozi ya antena za kwenda ofisini 11,000, swichi ya kugawa kebo za mtandao 5,000, betri ya akiba 12,000, kebo na vizuia radi 8,000. Hayo ni 54,000 kabla ya kuchagua kampuni. Ukiongeza dishi la 45,000 tunafika 99,000, tumepita harambee. Ukiongeza ruta ya nje ya 4G ya 14,000 tunafika 68,000.

MwekaHazina_Kisauni

Na inabaki 22,000. Kwa 5,000 za mwezi hiyo ni zaidi ya miezi minne iliyolipiwa. Ningeshika hapo. Hakikisheni tu kifurushi cha ruta hakipunguzwi kasi baada ya GB fulani, waombe wakuandikie.

FundiMitambo_Msa

Vipimo vyako vimejibu. Mbps 7 kwa uchache wake inabeba 720p kwa 3.5. Fungeni ya nje juu ya mnara wa tangi, si juu ya paa, kwa kuwa pale ndipo ulipopima. Kebo ikishuka ardhini ipitisheni kwenye bomba na kizuia radi kabla ya kuingia jengoni. Mlingoti wenyewe uunganishwe na fimbo ya ardhi. Laini ya kampuni ya pili iwekeni kwenye simu moja ya kamati, iwe na bando dogo kila Jumapili. Ikilazimu, sauti peke yake itapita hapo.

Faiba ikifika, mtachomoa ruta ya 4G na kuchomeka faiba kwenye swichi ile ile. Hakuna mtakachotupa.

KatibuMsaidizi_Kaloleni

Basi ndilo pendekezo ninalopeleka kwa kamati: ruta ya nje kwenye tangi, kebo mpaka meza ya mitambo, mitandao mitatu, kurekodi kila ibada. Kijana wa antena nimemuuliza; naye anatumia laini ile ile, na amesema hivyo kwa uaminifu. Nimemwomba afunge mlingoti na kebo kwa malipo, maana kupanda anajua.

Mtihani wa kwanza tumepanga Alhamisi jioni, mazoezi ya kwaya, bila kutangaza. Yule mama nitampigia nimwambie afungue simu.