Shelfu ya kufunga mwenyewe inayumba, msaada wakuu kabla wife hajarudi

Mpangaji wa Juu
Wakuu habari za jioni. Nimenunua shelfu ile inayokuja vipande vipande kwenye boksi, unaifunga mwenyewe nyumbani. Nyeupe, ngazi tano, imenizidi kimo. Nimeipandisha mgongoni hadi ghorofa ya tatu maana lifti hakuna. Nimefuata karatasi ya michoro, skrubu zote zimeingia. Ila ukiigusa kwa kidole inaenda kushoto, inarudi kulia. Ukipanga vitabu ndiyo inalala kabisa upande mmoja. Nimeshanunua silikoni, nawaza kuimwaga kwenye viungo vyote. Wife anarudi Jumapili kutoka Moshi, na hela ilikuwa yake. Nifanyeje? Matusi sitaki.

Kichwa Ngumu
Pole. Hela ya mke unanunulia maboksi?

Mzee wa Keko
Vijana hamsikii. Ungekuja huku Keko ukaongeza kidogo, ungeondoka na mninga. Kabati la marehemu mzee wangu limehama naye Tabora, Dodoma mpaka Dar, kwenye malori ya serikali, na halijawahi hata kulia. Hiyo yako ni unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi. Ikinywa maji ya deki inaumuka kama andazi.

Dada K
Mzee shikamoo. Kauliza inayumba, hajauliza anunue nini.

Mzee wa Keko
Marahaba. Hayo ndiyo majibu yenyewe.

Bisibisi
Mkuu, tuanze na yanayopimika. Sakafu iko sawa? Weka pima maji. Zile nati za duara za kuzungusha umezikaza mpaka mwisho? Zina kamshale, na unapoziingiza kamshale kaangalie tundu la pini. Wengi wanaziweka zimegeuka halafu wanashangaa hazishiki. Kisha chukua futi ya kuvuta upime kona kwa kona: juu kushoto hadi chini kulia, halafu kinyume chake. Vipimo visipolingana, shelfu yako si mstatili tena.

Mpangaji wa Juu
Sakafu iko sawa, nati zimekaza. Kona moja imezidi kama sentimita mbili hivi.

Bisibisi
Basi ni bao la nyuma. Umeligongelea misumari pande zote?

Mpangaji wa Juu
Bao la nyuma lipi?

Bisibisi
Hadibodi nyembamba, inakuja imekunjwa katikati. Na kuna kipakiti cha misumari midogo.

Mpangaji wa Juu
Aah, lile. Lile nililiona ni la urembo tu. Silikoni nipake nje au ndani?

Dada K
Liko wapi?

Mpangaji wa Juu
Lina matumizi mengine kwa sasa.

Kichwa Ngumu
Matumizi gani, mkuu? Sisi ni watu wazima.

Mpangaji wa Juu
Nimezibia banda la vifaranga. Usiku upepo ulikuwa unapenya, na kifaranga mdogo akipigwa baridi anakimbilia wenzake, wanalaliana, asubuhi unaokota maiti za waliokuwa chini. Lile bao lilikaa pale saizi ile ile, kama limekatiwa. Vifaranga nao ni hela jamani. Ndiyo maana nikanunua silikoni, sioni tatizo liko wapi.

Bisibisi
Tatizo ni kwamba silikoni ikikauka inabaki laini, inanyumbuka, kwa hiyo itayumba pamoja na shelfu. Gundi nyeupe ya mbao nayo haishiki juu ya ule utando mweupe unaong'aa. Mbao nne zilizofungwa kwenye kona tu lazima zicheze hata ukaze vipi. Kinachozizuia ni kitu kinachofunga umbo zima kwa nyuma, na hiyo ndiyo kazi ya ile hadibodi uliyoita urembo. Nenda duka la mbao, wanauza hadibodi na plaiwudi za futi nane kwa nne, wakukatie. Au piga vipande viwili vya bati bapa kwa nyuma, vivuke kama X. Halafu ifunge ukutani kwa engo mbili juu.

Mpangaji wa Juu
Ukutani haiwezekani. Mwenye nyumba hataki tundu hata la msumari wa kalenda.

Mama Wawili
Nyumba ina mtoto?

Mpangaji wa Juu
Tubaki kwenye mada.

Mama Wawili
Mada ndiyo hiyo, baba. Mwaka 2016 IKEA, wale wauza samani za kufunga mwenyewe, waliwaita wateja wa Marekani warudishe makabati ya droo milioni 29 au wayafunge ukutani, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa. Walivuta droo, wakapanda, kabati likaja nalo. Desemba 2022 ikapita sheria kule ya kulazimisha makabati ya nguo yapimwe yasipinduke. Wengi wa wateja wale hawakuwa wameyafunga ukutani. Tundu mbili utaziziba kwa puti na rangi siku ya kuhama. Nauliza tena, una mtoto?

Mpangaji wa Juu
Yupo, mwaka na nusu. Yuko na mama yake Moshi. Na hapandi vitu, ni mtulivu sana.

Mama Wawili
Wangu naye alikuwa mtulivu, mpaka siku nimemkuta juu ya friji. Nyamaza kabisa.

Mchunguzi Huru
Subirini kwanza. Jamaa yuko ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Banda la vifaranga liko ghorofa ya ngapi? Mwenye nyumba anayekataa msumari wa kalenda anaruhusu kuku? Na Machi huyu huyu alifungua uzi wa kumtongoza jirani, akasema hajaoa. Hii ni chai.

Kichwa Ngumu
Chai ya tangawizi. Nilishaanza kumwonea huruma!

Mpangaji wa Juu
Banda liko kibarazani, mwenye nyumba hajui. Uzi wa Machi nilikuwa nauliza kwa niaba ya rafiki.

Dada K
Huyo rafiki naye ana shelfu?

Mzee wa Keko
Kuku ghorofani nimewaona mimi, tena jogoo, Kariakoo. Alikuwa anawika saa tisa, mtaa mzima unaamka bila alamu. Wakamla Idi.

Bisibisi
Iwe chai iwe supu, jibu halibadiliki, na atakayesoma huu uzi mwakani atalihitaji. Toa vitabu vyote. Ilaze kifudifudi. Isukume mpaka kona kwa kona zilingane. Gongelea upande mmoja wa hadibodi, pima tena, ndipo umalizie pande zilizobaki. Vitabu vizito ngazi ya chini.

Mpangaji wa Juu
Asante mkuu. Na nikilikata? Nusu irudi kwenye shelfu, nusu ibaki kwa vifaranga?

Bisibisi
Nusu ya juu itaendelea kucheza.

Mpangaji wa Juu
Vitabu nitaweka chini tu.

Mama Wawili
Na mtoto?

Banda la Uwani
Samahani nimechelewa. Hao vifaranga ni Sasso au Kuroiler? Wakifikisha mwezi nahitaji hamsini.

Mpangaji wa Juu
Sasso. Njoo PM.

Mchunguzi Huru
Usitume hela mpaka uone picha ya hilo banda.