Sarafu ya Athens yenye bundi, nitajuaje kama ni feki?

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana hii kitu inaninyima usingizi. Nimenunua sarafu ya fedha ya Athens ya kale, ile ya drakma 4 (drakma ni pesa ya Wagiriki wa kale), mbele kichwa cha Athena, mungu wao wa kike, nyuma bundi, muuzaji kasema ni ya karne ya 5 kabla ya Kristo na mimi navyozipenda hizi sarafu nikaamini fasta.

Sasa nimeipima inasoma gramu 15.9 wakati nzima zinacheza kwenye 17.2 hivi, na haijalika kihivyo. Nikaining'iniza kwa uzi ndani ya maji nikapiga hesabu ya densiti nikapata kama 9.5, fedha safi ni 10.5. Kwenye lenzi naona vishimo vidogo vya mviringo kama mapovu na manyoya ya bundi yamefifia, haikai kama kitu kilichogongwa kwa nyundo kama sarafu za kale, inakaa kama imemiminwa. Ila pembeni sioni mstari wa kiungio, pale nusu mbili za kalibu zinapokutana, labda wameupiga tupa.

Kinachonichanganya ni kwamba hata watu wa kale walikuwa wanafeki, ndani shaba juu wanavika fedha, na hizo nazo ni za kale kweli jamani!

Mnatofautishaje vishimo vya kumiminwa kwenye kalibu na vile vya kuliwa na udongo? Na mashine ya eksirei ya kupima aina ya metali itanisaidia au inasoma juu juu tu? Kuikwangua sitaki kabisa, na siku za kuirudisha zinaisha wiki hii.