2147483647 imejaa kwenye safu ya simu. Ni kweli ni namba tasa?

Karani_Moshi:
Habari zenu wakuu. Natunza kumbukumbu za chama chetu cha akiba na mikopo hapa Moshi, wanachama wengi ni wakulima wa kahawa wa Kibosho. Tumehamisha orodha kutoka Excel kwenda kanzidata mpya, na sasa wanachama wote wana simu moja: 2147483647. Kwenye Excel ziko sawa, zote zinaanza na 255. Mdogo wangu wa kidato cha tatu anasema hiyo ni namba tasa. Utasa wake ndio umeileta? Na mtu anajuaje kwamba namba ndefu hivi haigawanyiki?

Fundi_Programu:
Mkuu, safu umeiweka kuwa ya namba. Nafasi yake ni biti 32 (biti ni tarakimu ya 0 au 1), moja ni ya alama ya hasi au chanya, zinabaki 31. Kikomo ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Simu ya tarakimu 12 haiingii, kanzidata ikakata hapo. Badilisha safu iwe ya maandishi, kisha pakia upya kutoka Excel, maana zile za zamani hazirudishiki.

Mwalimu_Sakina (Arusha):
Utasa hauhusiki, ndugu yangu. Kikomo cha biti 64 ni 2 kwa kipeo cha 63 toa 1, nacho kinagawanyika kwa 7.

Lakini mdogo wako yuko sahihi, na swali lako la pili ndilo tamu. Ili namba ya aina hii, yaani 2 kwa kipeo fulani toa 1, iwe tasa, kipeo lazima kiwe tasa. Hiyo pekee haitoshi: kipeo cha 11 kinatoa 2047, ambayo ni 23 mara 89.

Kipeo cha 31 alikimaliza mwanahisabati Euler mwaka 1772, akiwa St. Petersburg, Urusi, macho yake yameshaharibika vibaya. Hakujaribu kila namba. Kwanza, inatosha kufika kwenye kipeuo cha pili, yaani 46340 na ushee. Pili, kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kikigawanywa kwa 248 kibakize 1 au 63. Hapo zinabaki namba zisizofika 400, na nyingi unazitupa kwa kuziangalia tu: 63, 249, 497, hakuna iliyo tasa.

Ya kwanza ya kujaribu ni 311. Inaingia mara 6905092, inabaki 35. Inayofuata ni 1303, inabaki 226. Mpe mdogo wako karatasi aendelee. Mimi wanafunzi wangu nawakataza kikokotoo hapa, kwa sababu wakigawanya kwa mkono ndipo wanapoona ile kanuni imewapunguzia kazi kiasi gani.

Karani_Moshi:
Asante mwalimu, asante fundi. Safu nimebadilisha, 255 zimerudi zote. Dogo ameomba kujua hiyo 248 imetokea wapi.

Mwalimu_Sakina (Arusha):
Ni 31 mara 8. Kigawo tasa kikigawanywa kwa 31 hubakiza 1. Kikigawanywa kwa 8 hubakiza 1 au 7. Aziunganishe mwenyewe, atazipata 1 na 63.