Miaka kumi ya ndoa, siku nane visiwani: Unguja, Pemba au Mafia?

Zabibu_Dom
Wakuu, habari za jioni. Mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Yeye ni mzaliwa wa Kondoa, na bahari ameiona mara moja tu, tena dirishani mwa basi pale Dar. Nimemuahidi siku nane, tulale visiwa viwili au vitatu. Nawaza Unguja na visiwa vyake vidogo, au Unguja kisha Pemba, au Mafia pamoja na visiwa vyake vidogo vya Chole na Juani. Likizo yangu ni Julai, Bunge la bajeti likishaahirishwa. Naomba uzoefu wenu, hasa mliotokea huku kwetu Dodoma.

MamaWawili_Ilazo
Hongereni sana kaka. Sisi tulikwenda Unguja Agosti. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari imekuwa nyepesi mno: asubuhi tulikunywa chai nyumbani, mchana tukapanda boti Dar, jioni tuko Forodhani tunakula urojo. Bebeni vitambulisho vya NIDA.

Kosa letu lilikuwa kwenda moja kwa moja Paje. Asubuhi ya kwanza mume wangu alifungua mlango akaniita, "Njoo uone, bahari imeondoka!" Maji yamekupwa hadi mbali kabisa, na akina mama wameinama wanafunga mwani kwenye kamba. Kwa macho ni pazuri, nilikaa nao saa nzima. Ila kwa mtu anayetaka kuingia majini muda wowote, nendeni Nungwi au Kendwa, huko maji hayakimbii hivyo. Na kisiwa cha Changuu msikikose. Kutoka Mji Mkongwe ni mwendo mfupi wa boti, kuna kobe wakubwa ambao wazee wao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mwanamke wa Kondoa akimlisha kobe yule majani kwa mkono wake, hiyo siku hataisahau.

Potwe_Kilindoni
Mkuu, mimi ni mtu wa Mafia na ningependa mje kwetu. Lakini siwezi kukuficha: Julai ni kusi, upepo mkali wa kusini unaochafua bahari. Papa potwe, yule mkubwa mpole ambaye watu huja kuogelea naye, huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Februari hivi. Na kuvuka kwa boti kutoka Nyamisati, bandari ya huko bara, wakati wa kusi kunataka moyo. Safari yenyewe inafuata maji kujaa na kupwa, kwa hiyo saa ya kuondoka leo si ya kesho.

Raha ya Julai kwetu ni nyingine. Juani kasa wanaangua, na unaweza kuwatazama wanavyojikokota mchangani kwenda majini. Chole kuna popo wakubwa wananing'inia mitini mchana kutwa, na magofu yaliyomezwa na mizizi. Ukiwa na nauli ya ndege kutoka Dar, njooni. Ukitegemea boti, subiri kaskazi, upepo wa kaskazini, bahari ikiwa tulivu.

Nyika_Singida
Mbona Kilwa hamjaitaja? Barabara ni lami toka Dar, halafu mashua hadi Kilwa Kisiwani. Magofu yake na ya Songo Mnara yapo kwenye urithi wa dunia tangu 1981.

Zabibu_Dom
Kilwa naiweka akiba mkuu. Tatizo ni moja: mke wangu hata basi la Babati likianza kona za mlimani anatapika. Pemba kwa boti ataweza kweli?

Mchuma_Karafuu
Shemeji yetu asipande boti ya Pemba mwezi wa saba. Mkondo wa Nungwi wakati wa kusi si mchezo. Mimi niliyezaliwa Wete nimeshika mfuko wa kutapikia mikononi mwangu. Kati ya Unguja na Chake Chake pandeni ndege, ni muda mfupi sana.

Mkishafika, mambo ni matulivu. Misali ipo upande wa magharibi, kisiwa kikuu kinaukinga upepo. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alikosa msala wa kuswalia, akakifanya kisiwa kile msala wake akaswali, ndiyo maana kikaitwa hivyo. Siku nyingine nendeni Konde, mpite msitu wa Ngezi mtokee Vumawimbi. Pwani yote mtakuwa ninyi wawili na wavuvi. Kama karafuu zimeanza kuchumwa, zitakuwa zimeanikwa kwenye majamvi kandokando ya barabara, na harufu itawafuata hadi chumbani.

MamaWawili_Ilazo
Boti ya Dar na Unguja nayo ichukueni ya asubuhi, bahari haijachafuka. Mkae chini, si juu. Abebe ndimu ya kunusa.

Zabibu_Dom
Nimemsomea yote. Ameamua mwenyewe: siku nne Unguja, ya kwanza Mji Mkongwe na Changuu kisha Nungwi, halafu ndege hadi Pemba siku nne. Mafia nitaiombea likizo ya Desemba. Mchuma_Karafuu, boti ya Misali tunaipata wapi?

Mchuma_Karafuu
Wesha, karibu na Chake. Ulizieni jioni yake, maana saa ya kutoka wanaipanga kwa maji.