Mjadala: Kibao cha tawi kiandikwe mwaka gani?

Mwanachama wa Chake
Assalaamu alaykum wana urithi. Tawi letu la jumuiya ya kuhifadhi mambo ya kale, hapa Chake Chake, linataka kutia kibao cha marmari nje ya ofisi na kutoa kijitabu cha historia yake. Tarehe zinazogombaniwa ni tatu: siku wazee walipokutana kwanza barazani, siku makao makuu Unguja walipoleta barua ya kulitambua tawi, na siku ya cheti cha Mrajis, afisa wa serikali anayesajili jumuiya. Picha ya ukuta nimeitia hapo chini mjue pahala penyewe. Tupeni hoja.

Karani wa Zamani
Cheti. Sheria ya Jumuiya, Namba 6, ilitungwa 1995, na Mrajis hakuwekwa kwa mapambo. Kabla ya cheti nyinyi mlikuwa wanywa kahawa mnaopiga soga za magofu.

Mwana Fikra
Lakini kinachosajiliwa ni jumuiya. Cheti kina jina la jumuiya na anwani ya makao makuu, tawi huzaliwa kwa kifungu cha katiba ya jumuiya na kikao kilichokitumia kifungu hicho. Tarehe ya cheti basi si tarehe ya tawi hata kidogo, ni ya mama yake.

Pujini Juu
"Wanywa kahawa"! Karani, hebu tuheshimiane. Hao wanywa kahawa ndio wanaojua ukuta wa Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pujini, unaanzia mnazi gani na unaishia wapi. Wewe uliyekaa na muhuri unajua Pujini iko upande gani wa kiwanja cha ndege?

Karani wa Zamani
Najua Pujini, na najua pia kuwa sheria ya kuhifadhi mambo ya kale ilitungwa 1927, na haikutungwa na baraza la kahawa. Mtu akitaka kuitwa jumuiya alete karatasi.

Pujini Juu
Ya 1927 ilitungwa na Mwingereza. Unajivunia hiyo?

Kijana wa Wete
Wazee wengine wanasema asili ya tawi ni chama cha kabila cha kabla ya Mapinduzi. Mbona hamuanzi huko? Kibao kitapendeza zaidi.

Bi Kumbukumbu
Kijana, kibao hakipendezi kwa umri wa kuazima. Vyama vya makabila vilifutwa baada ya 1964, kwa hiyo anayesema tawi limetoka huko lazima aonyeshe uzi uliopita katikati, na kumtaja babu yake aliyekuwa mwanachama hakutoshi. Nyaraka za Taifa ziko Kilimani. Ombeni ruhusa ya utafiti mapema, msifike asubuhi mkitaraji mchana mmepewa. Faili za Sekretarieti ya wakati wa Mwingereza zina alama ya AB, ikifuatiwa na namba ya fungu, mkwaju (/), halafu namba ya faili. Andikeni alama yote pamoja na mkwaju wake, la sivyo mwenzenu atakayekuja kuhakiki hatolipata faili hilo tena.

Sasa kazi ya tawi lenyewe. Anzeni na vishina vya risiti za ada, kumbukumbu za vikao zifuate. Kumbukumbu huandikwa upya mtu akikasirika. Kishina kina namba ya chapa inayofuatana, na kitabu cha risiti mia hakitaki kubishana nacho. Pangeni vitabu kwa namba, mtaona wenyewe miaka ambayo tawi lilikusanya ada na miaka liliyolala. Tawi lililolala miaka sita likaamshwa, kijitabu kiseme lililala.

Halafu daftari la vikao. Kama ni la kushonwa, lifungueni katikati ya kila mkunjo muutazame uzi. Karatasi moja ina kurasa pande mbili za uzi, ukichana upande huu, mwenzake wa upande wa pili hulegea au hubaki na kidomo kidogo cha karatasi. Hesabuni karatasi za kila mkunjo. Mikunjo mingine ikiwa na karatasi nane na mmoja una saba, kuna kikao mtu hakukitaka. Toeni na klipu za chuma, zinakula kutu na kutoboa karatasi, fungeni kwa utepe wa pamba. Msitie gundi ya plastiki kwenye mpasuko, baada ya miaka michache inageuka rangi ya chai na haitoki.

Jengine ni tarehe za Hijria. Mkikuta "Rajab 1405", hiyo imeangukia baina ya mwisho wa Machi na Aprili 1985. Lakini Muharram ya 1405 hiyohiyo ilianza mwisho wa Septemba 1984. Kwa hiyo karani akiwa ameandika "1405" bila mwezi, hamna haki ya kuchonga mwaka mmoja wa Miladia juu ya marmari. Chongeni wa Hijria kama ulivyo, au tafuteni mwezi.

Na kabla ya yote hayo, utazameni ukuta. Kwenye picha mmepiga saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa, na chini imeshavimba. Kibao hakitomaliza masika mawili.

Mwanachama wa Chake
Ukuta ule umepigwa na fundi anayejulikana Pemba nzima, na tumechangishana. Tumeuliza mwaka, hatukuuliza plasta.

Mwashi
Fundi anayejulikana anaweza kuwa fundi wa matofali. Ukuta wa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa unapumua. Maji yanapanda kutoka chini, yanatoka usoni, upepo unayachukua. Ukiuvisha saruji, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya plasta. Ndipo unapoona uvimbe ule. Ukigonga kwa kishikio cha mwiko inalia ngo-ngo kama debe tupu. Ikianguka haianguki peke yake, inabeba na uso wa ukuta. Na pale boriti za mikoko zilipoingia ukutani, ncha zake zinaoza ndani kimya kimya, ghorofa ikishuka watu wanasema "boriti za siku hizi".

Kijana wa Wete
Chokaa, chokaa! Jumba la Ajaib kule Mji Mkongwe, Unguja, lilikuwa la chokaa na limeanguka 2021.

Mwanamji
Limeanguka 25 Desemba 2020, na watu wawili wamekufa, kwa hiyo tuseme kwa adabu. Tangu 2012 kipande kilishaanguka. Lile ni jengo la 1883, Sultani Sayyid Barghash alichanganya mawe ya matumbawe na nguzo na mihimili ya chuma. Chuma kikila kutu kinavimba, kikivimba kinapasua jiwe. Usiitaje chokaa hapo.

Kijana wa Wete
2020, 2021, limesimama leo? Basi.

Pujini Juu
Mmeona? Tumeshafika Mji Mkongwe. Kila mjadala wa Pemba unaishia Forodhani. Mji Mkongwe umepewa mamlaka yake ya uhifadhi 1985, sheria yake 1994, na UNESCO wakautia kwenye urithi wa dunia 2000. Hapa kwetu Pemba, Mtambwe Mkuu, 1984 zimechimbuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, mahala pengine pangejengwa jumba la makumbusho juu yake. Sisi tuna ngome ya Chake, nayo kipande kilibomolewa kupisha hospitali.

Mwanamji
Kwani mimi nimeibomoa ngome yenu? Nimesahihisha tarehe tu.

Karani wa Zamani
Pujini Juu, hospitali ile imetibu watu wenu. Au wao pia wangetibiwa barazani kwa kahawa?

Pujini Juu
Yakhe, umeipenda hiyo kahawa! Lete na halua basi.

Msimamizi wa Kamati
Rudini kwenye mada tafadhali. Mwashi, saruji ile ikibanduliwa itahitajika nini? Kamati inakutana kesho, tunataka hesabu.

Mwashi
Nipe vipimo.

Msimamizi wa Kamati
Upande wa mbele, mita sita kwa mbili.

Mwashi
Mita za mraba 12. Plasta ya chokaa hupigwa mara tatu, jumla sentimita tatu: ya kwanza kiasi cha milimita 12, ya pili hivyo hivyo, ya mwisho nyembamba. Hiyo ni lita 360. Uwiano ni debe moja la chokaa kwa matatu ya mchanga, na kwa kuwa chokaa inaingia kwenye nafasi za mchanga, ujazo unabaki ule wa mchanga. Kwa debe la lita 20 ni madebe 18 ya mchanga na 6 ya chokaa. Ongezeni la tano kwa kinachoanguka na kwa mashimo ya kutomea, yaani kuziba kabla ya plasta.

Saruji ing'olewe kwa patasi na nyundo ndogo, kuanzia pale panapolia. Msilete mashine, inatikisa ukuta na kuyalegeza mawe. Ikishatoka, uacheni ukuta wazi ukauke, na chumvi inayochanua usoni ifagieni kavu kwa brashi. Mkiiosha kwa maji inarudi ndani. Halafu tomeeni, mashimo makubwa yajazwe kwa vijiwe na chokaa. Kuyajaza kwa plasta tupu ni kutafuta nyufa.

Chokaa ya tanuu izimwe shimoni. Maji kwanza, chokaa inafuata kidogo kidogo. Anayemwagia maji juu ya chokaa mbichi atarukiwa nayo machoni ikichemka. Iachwe chini ya maji miezi mitatu, na ikikaa zaidi ndiyo bora. Ikiwa mtanunua ya unga ya mfuko, iloweshwe japo siku nzima kabla ya kuchanganya.

Kijana wa Wete
Miezi mitatu! Tia karai moja la saruji ndani ya chokaa, inashika siku hiyohiyo. Mafundi wote wanafanya.

Mwashi
Ndiyo maana mafundi wote wanaitwa tena. Saruji kidogo inakimbilia kushika kabla chokaa haijaanza, halafu haina nguvu ya kubeba na chokaa imeshavunjwa mshikamano. Unapata kitu ambacho si saruji wala si chokaa. Ukitaka ishike mapema zaidi tia unga wa matofali mekundu yaliyochomwa vizuri na kusagwa, uchukue nafasi ya sehemu ya mchanga.

Kijana wa Wete
Hiyo ni imani yako ya kizamani. Unatetea chokaa kwa sababu ndiyo inayokulisha.

Mwashi
Na wewe saruji inakulisha nini, mfuko?

Bi Kumbukumbu
Kipindi nacho kina maneno. Masika hapana, maji yataifua kabla haijashika. Katikati ya kaskazi na jua la Januari pia hapana, inakauka usoni na kupasuka nyufa za utando. Fanyeni kipupwe, Juni mpaka Agosti, na tundikeni magunia ya maji mbele ya ukuta siku za mwanzo. Baina ya mkono mmoja wa plasta na mwengine ziachwe siku zisizopungua kumi.

Mwana Fikra
Na kibao kisifungwe kwa misumari ya chuma. Ni hadithi ileile ya Jumba la Ajaib kwa kipimo kidogo. Skrubu za shaba, matundu yatobolewe kwenye kiungo cha chokaa baina ya mawe, na nyuma ya marmari pabaki upenyo wa nusu sentimita. Marmari ikigandishwa ukutani inakuwa kipande kingine cha saruji. Na ikiwa jengo limo kwenye orodha ya mambo ya kale, hata tundu moja linataka ruhusa ya maandishi. Juu ya cheti, bado hakuna aliyenijibu.

Karani wa Zamani
Ruhusa ya maandishi! Alhamdulillahi, leo mtu wa baraza amelitamka neno karatasi.

Pujini Juu
Mwana Fikra si wa baraza letu, usituchanganye.

Msimamizi wa Kamati
Mwashi, mchanga wa pwani upo karibu na ni bure. Utafaa?

Mwashi
Hapana. Una chumvi, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Chukueni wa shimoni. Jazeni nusu ya chupa ya maji kwa mchanga, tieni maji karibu kujaa, tikiseni, iacheni mpaka kesho. Tope litakaa juu ya mchanga kama utando. Likizidi kidole kimoja cha unene katika chupa ya lita, uosheni au tafuteni shimo jengine. Na uwe na chembe kubwa na ndogo pamoja, mchanga wa chembe moja unapasuka.

Kijana wa Wete
Kidole cha nani, chako au cha Karani?

Mwashi
Cha atakayeubeba.

Msimamizi wa Kamati
Basi madebe 22 ya mchanga, saba na kitu ya chokaa, patasi tatu, skrubu nne za shaba. Wa Pujini mna shimo la mchanga?

Pujini Juu
Lipo, lakini kwa mguu wa magofu hatuchimbi. Tumeni gari upande wa pili wa barabara, na dereva aje na debe lake. La kwetu la kahawa.